Ngara na Biharamulo: mlango wa chuo uko wazi tangu kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, mwezi Januari, swali linalozunguka Ngara mjini, Rulenge, Nyakahura na Biharamulo huwa moja: "Kapata divisheni ngapi?" Ni swali la haki kabisa. Mzazi aliyeuza kahawa na maharage kwa miaka minne ana haki ya kujua jasho lake limezaa nini. Lakini liko swali la pili ambalo wengi hawaliulizi, nalo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kuanzia leo, mtoto huyu atatumia miaka mingapi kufika anakotaka, na kila mwaka utakaopita utamwachia nini mkononi?

Marekani swali hilo wamelijibu zamani. Tangu mwaka 1955 taasisi iitwayo College Board inasimamia mitihani ya masomo ya ngazi ya chuo kwa wanafunzi ambao bado wako sekondari. Mwanafunzi anasoma kalkulasi, kemia au historia kwa kina cha mwaka wa kwanza wa chuo, anafanya mtihani na kupata alama kati ya 1 na 5. Akipata 3 na kuendelea, vyuo vingi humhesabia somo hilo kuwa amelimaliza, ingawa vingine hudai 4 au 5. Wapo pia wanaojiandikisha katika chuo cha jirani wakiwa bado sekondari, na alama moja ya somo ikaingia katika vyeti viwili. Uswisi nako, mwaka 1968, ulianzishwa mtaala wa kimataifa wa IB, ambao hapa kwetu unafundishwa katika shule chache kama International School of Tanganyika ya Dar es Salaam na UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha. Ada za shule hizo ni ndoto kwa mkulima wa migomba wa Kabanga, na sitazizungumzia tena.

Ninachotaka kusema ni kwamba Tanzania nayo ina njia zake za kumwanzisha kijana chuo mapema. Hazina jina moja, hazitangazwi pamoja, na baadhi yake tumezizoea hata hatuzioni.

Tuanze na ile tusiyoiona. Mfumo wetu wa sekondari na chuo ni miaka minne, kisha miwili, kisha mitatu: kidato cha kwanza hadi cha nne, cha tano na cha sita, halafu shahada ya miaka mitatu kwa fani nyingi. Kenya waliachana na mpangilio wa namna hii mwaka 1985 walipoingia mfumo wa 8-4-4. Walipoondoa kidato cha tano na cha sita, shahada zao za kawaida zikawa za miaka minne. Yaani ule mwaka haukutoweka, ulihamia chuoni. Sisi tumeubakiza shuleni. Kwa hiyo msichana anayesoma fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha sita huko Biharamulo, akihangaika na mimenyuko ya kemia ogania na jenetikia kwa mwanga wa sola, anafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo mwenzake wa nchi nyingine huifanya akiwa mwaka wa kwanza wa chuo. Hajui. Hakuna aliyemwambia.

Jambo hili lina faida ya wazi kwa wachache wanaopata ufadhili wa kwenda Marekani au Kanada. Huko, cheti cha kidato cha sita chenye ufaulu mzuri mara nyingi hulinganishwa na kile cha Uingereza cha ngazi hiyohiyo, na baadhi ya vyuo humpunguzia mwanafunzi masomo ya mwaka wa kwanza baada ya kuangalia somo moja moja. Wanaofaidika ni wale wanaoomba. Anayeondoka na aende na nakala ya muhtasari wa kila somo alilofanyia mtihani, maana ofisi ya udahili ya ng'ambo haiwezi kujua kilichomo ndani ya hisabati yetu ya kidato cha sita kwa kutazama herufi B iliyopigwa mhuri.

Lakini wengi wa watoto wetu hawaendi Marekani. Mlango wao ni mwingine.

Mlango huo ni stashahada, ile tunayoiita diploma. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, hata kama ni D nne, anaweza kuingia chuo kilichosajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Huanzia ngazi ya nne, astashahada ya awali. Mwaka wa pili ni ngazi ya tano, na wa tatu ni ngazi ya sita, ambayo ndiyo stashahada yenyewe. Kwa kozi za afya masharti yanakaza: utabibu, kwa mfano, unadai ufaulu wa kemia, biolojia na fizikia. Ngara wanakijua chuo cha uuguzi kilichoko Murgwanza, kwenye hospitali ile ya Kanisa la Anglikana. Biharamulo nako kuna chuo cha sayansi za afya. Vyuo hivi havipo Dar es Salaam wala Dodoma. Viko humuhumu, mwendo wa bodaboda kwa baadhi ya familia.

Ndani ya vyuo hivi masomo huhesabiwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za maabara au wodini, na zile za mwanafunzi kukaa peke yake na daftari. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120 hivi, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Kipimo ni kilekile cha saa 10, iwe ni chuo cha NACTVET au chuo kikuu kilicho chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tofauti iko kwenye ngazi, yaani ugumu wa kinachosomwa ndani ya saa hizo. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 17 aliyetoka kidato cha nne Rulenge na kuingia chuo ameshaanza kuandikiwa krediti katika kumbukumbu za taifa, wakati mwenzake wa kidato cha tano hajaandikiwa hata moja.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa mambo haya hayaeleweki kwa maneno matupu. Chukua vijana wawili waliokaa dawati moja na kumaliza kidato cha nne Novemba 2025. Wa kwanza anaingia kidato cha tano Julai 2026. Anafanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2028, anakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na anaanza chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo. Akisoma shahada ya miaka mitatu bila kukwama, anamaliza katikati ya 2031. Wa pili anaingia chuo cha kati mwishoni mwa 2026, anapata stashahada katikati ya 2029, anajiunga na chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo na kumaliza katikati ya 2032.

Tofauti yao ni mwaka mmoja.

Kwa mwaka huo mmoja, kijana wa pili amepata kitu ambacho wa kwanza hana: taaluma. Ikitokea baba akafariki, mnyauko ukamaliza migomba au mdogo wake akahitaji ada, anaweza kusimama mwaka 2029 na kuajiriwa kama muuguzi, fundi sanifu wa umeme au mtaalamu wa maabara, kisha akarudi shuleni baadaye. Kijana wa kidato cha sita akisimama mwaka 2028, mkononi ana cheti cha kufaulu mtihani na hakuna ajira inayokisubiri. Katika wilaya ambako familia nyingi huishi kwa msimu wa mavuno, uwezo wa kusimama njiani bila kupoteza ulichokwisha kupata ni mali kubwa. Ndiyo sababu naumia nikisikia stashahada ikiitwa njia ya waliofeli.

Kuna jambo moja linaloivuruga hesabu hiyo, na haki ni kulisema. Serikali iliondoa ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Chuo cha kati kina ada, na katika vyuo binafsi ada hiyo ni nzito. Hivyo mtoto wa maskini husukumwa kwenye kidato cha tano kwa sababu ndiko kusikolipiwa, hata kama kipaji chake na mahitaji ya nyumbani kwao vinamwita kwingine. Nafuu zipo, ila ni chache. Bajeti ya 2023/24 ilifuta ada kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya DIT cha Dar es Salaam, ATC cha Arusha na MUST cha Mbeya. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kwa miaka mingi ikifahamika kuwa ya wanafunzi wa chuo kikuu, ilianza kuwakopesha na wale wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya, uhandisi, kilimo, nishati na madini.

Mikopo hiyo inahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, na hapa wilaya ya mpakani hujikwaa. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Historia yake ya wakimbizi, tangu umati uliovuka daraja la Rusumo mwezi Aprili 1994 hadi kambi za Benaco na Lukole, imewafanya maofisa wawe waangalifu sana kuhusu nani ni nani, na uhakiki huchukua muda. Mtoto aliyezaliwa kwa mkunga wa kijijini na kubatizwa bila kuandikishwa serikalini anaweza kukosa mkopo akiwa na alama zote zinazotakiwa. Karatasi hizo hazisubiri matokeo. Zianze kushughulikiwa mtoto akiwa kidato cha pili au cha tatu.

Nirudi kwenye ule mwaka mmoja, kwa sababu kwangu ndio kiini cha jambo lote. Kwa nini kijana wa stashahada achelewe hata huo mmoja? Amesoma miaka mitatu, mwenzake miwili. Ana krediti zilizoandikwa, mwenzake hana. Lakini akifika chuo kikuu, kwa kawaida wote wawili hukalishwa mwaka wa kwanza. Tabibu aliyehitimu stashahada, aliyekwisha kusoma anatomia na kuhudumia wagonjwa wa malaria usiku kucha katika zahanati, akipata nafasi ya kusomea udaktari huanza tena na somo la mifupa pamoja na mtoto aliyetoka kidato cha sita miezi michache iliyopita. Vigezo vya jumla vya TCU vinamtambua kama mwombaji halali: awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na stashahada yenye wastani wa B au GPA ya 3.0. Vinamfungulia mlango, kisha saa alizosoma zinabaki nje.

Zikihesabiwa krediti 120 tu kati ya zile alizochuma, kijana wetu wa pili angeanza mwaka wa pili wa shahada na kumaliza katikati ya 2031, mwezi mmoja na mwenzake, akiwa na vyeti viwili.

Najua jibu la wahadhiri, na lina ukweli ndani yake. Anatomia ya stashahada haina kina cha anatomia ya shahada, na chuo kikuu kina wajibu wa kulinda ubora wa jina lililo kwenye cheti chake. Mgonjwa atakayelala kwenye meza ya upasuaji Bugando hana haja na huruma yetu kwa vijana wa Ngara. Anahitaji daktari anayejua. Nakubali. Ila ubishi huu una dawa ambayo wenzetu wameitumia kwa miaka 70, nayo ni mtihani. College Board haimwombi profesa aamini kwamba mwalimu wa sekondari fulani alifundisha vizuri. Inampa mwanafunzi karatasi na kusahihisha majibu. Chuo kikuu chetu kinaweza kumwambia mwenye stashahada: hili hapa somo la mwaka wa kwanza, ufanye mtihani wake wiki ya kwanza ya muhula, ukifaulu, umelimaliza, na usipofaulu utakaa darasani na wenzako. Hakuna kiwango kitakachoshuka. Tayari miongozo ya TCU inajua kuhamisha krediti kutoka chuo kikuu kimoja hadi kingine. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuuvusha utaratibu huo kutoka vyuo vya kati kwenda juu, kwa wanafunzi wote na si kwa yule mwenye bahati ya kukutana na mkuu wa idara mwenye moyo mwema.

Wako watakaosema haraka hii ni ya kigeni, kwamba sisi elimu yetu hatuikimbizi. Historia yetu inasema vingine. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililobadili njia ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuoni moja kwa moja. Alitakiwa kwanza alitumikie taifa, afanye kazi, na apate mapendekezo ya mahali alipofanyia kazi. Sharti hilo lilikuja kulegezwa, na sioni sababu ya kulirudisha. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo zito: kwamba mikono iliyofanya kazi imejifunza kitu, na chuo kikuu hakina budi kukiheshimu kitu hicho. Mwaka 1974 wazo hilo lilitumika kumchelewesha kijana. Leo lingeweza kumsogeza mbele.

Na kazi zenyewe ziko mlangoni mwetu. Kabanga, wilayani Ngara, kuna mashapo ya nikeli yanayotajwa duniani kote kwa ubora wake, na mkataba kati ya serikali na wawekezaji uliozaa kampuni ya Tembo Nickel ulitiwa saini Januari 2021. Rusumo kuna mtambo wa umeme wa maji wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Biharamulo ina mgodi wa dhahabu uliojulikana kama Tulawaka, ambao tangu 2013 uko mikononi mwa shirika la umma la STAMICO kupitia STAMIGOLD. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019, imegusa wilaya zote mbili. Malori ya Kigali na Bujumbura hupita Nyakanazi na Lusahunga mchana na usiku. Ukiangalia aina ya watu wanaohitajika huko, wengi ni wa ngazi ya kati: fundi sanifu wa umeme, mpima ardhi, mtu wa maabara ya mawe, askari wa wanyamapori, fundi wa injini kubwa. Meneja ni mmoja, mafundi ni mia. Ni uchungu kuona basi likishusha mafundi kutoka mikoa mingine wakati vijana wa Keza na Bugarama wamekaa kijiweni na vyeti vya kidato cha sita.

Nimetaja kijiwe, basi niseme na kuhusu miezi ya kungoja. Kati ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na kuripoti kidato cha tano mwezi Julai kuna miezi saba na zaidi. Kwa mvulana ni miezi ya kwenda kuchunga, kubeba mizigo Benaco au kuzama kwenye mashimo ya dhahabu. Kwa msichana ni miezi ya hatari. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, lakini binti akishamaliza kidato cha nne wako majirani, na hata ndugu zake wa damu, wanaomhesabu kuwa si mwanafunzi tena. Mahari hujadiliwa kabla matokeo hayajatoka. Mama anayesoma hapa na ana binti wa umri huo ananielewa.

Miezi hiyo ina matumizi mengine. NACTVET huwa na mkupuo wa udahili wa Machi, mbali na ule mkubwa wa Septemba. Si kozi zote zinazopokea wakati huo, wala si vyuo vyote, lakini aliyepata matokeo Januari anaweza kuwa darasani kabla mvua za masika hazijakatika. Kozi fupi za mamlaka ya ufundi stadi, VETA, nazo zipo, za kompyuta, umeme wa majumbani, ushonaji na udereva, na kwa wanaoweza kufika Bukoba kuna chuo cha VETA Kagera kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China. Kozi ya miezi mitatu haiwi krediti ya chuo kikuu, na mtu asidanganywe. Ila inamweka binti mahali penye ratiba, mwalimu na wenzake wanaosoma, hadi Julai.

Kwa kuwa nimesema kudanganywa: vyuo vya mfukoni vipo, na hupenda wilaya za mbali ambako wakaguzi hawafiki mara kwa mara. Chuo kuwa na bango barabarani si usajili. Na chuo kuwa na usajili hakumaanishi kwamba kila kozi inayofundishwa hapo ina ithibati. Kila mwaka NACTVET hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili chenye jina la chuo, wilaya kilipo, kozi inayotolewa, sifa za kuingia na ada. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Mzazi asiye na simu janja amwombe mwalimu amfungulie, wasome pamoja mstari kwa mstari kabla ya shilingi yoyote kulipwa. Atakayehitimu stashahada na kutaka chuo kikuu atahitaji pia namba ya uhakiki ya NACTVET, maarufu kama AVN, na chuo kisichotambulika hakiwezi kumpatia.

Kwa walioachwa na basi la kwanza, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani kikiwemo cha Kagera. Programu yake ya msingi humwezesha yule ambaye alama zake za kidato cha sita hazikutosha, au ambaye stashahada yake haikufika GPA ya 3.0, kujaribu tena akiwa nyumbani kwake na kuingia shahada kwa matokeo hayo. Kwa fundi wa pikipiki wa Nyakahura asiyewahi kuona darasa la ufundi, kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: VETA humpima kwa kazi za mikono yake, humjazia mapengo, kisha humpa cheti. Kutoka hapo ngazi za ufundi stadi humpandisha hadi ya tatu, na vigezo vya TCU hukubali cheti cha ngazi hiyo kifidie pengo la mwenye stashahada ambaye hakufikisha masomo manne ya kidato cha nne. Ni safari ndefu. Lakini ni njia inayopitika, na imeandikwa.

Halafu kuna mpaka. Watoto wengi wa Ngara wana shangazi Kirundo au mjomba Kirehe, na wengine wa Kagera husoma Uganda tangu zamani. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kuwa jumuiya hii ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala limetengeneza mfumo wa pamoja wa kulinganisha sifa. Kwa mwanafunzi, kazi ya vitendo inabaki nyumbani: cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na NECTA, cha ngazi ya kati hupelekwa NACTVET, na shahada huenda TCU. Anayevuka kwenda kusoma aulize kuhusu ulinganifu kabla hajavuka, si siku anaporudi na begi.

Nimeliacha kwa makusudi hadi sasa jambo jipya kuliko yote. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Wanafunzi wa kwanza waliingia kidato cha kwanza Januari 2024 katika shule zilizoteuliwa. Wanasoma masomo ya kawaida pamoja na fani kama ujenzi, umeme, kilimo au ushonaji, na mpango ni kwamba wahitimu wakiwa na vyeti viwili, cha NECTA na cha NACTVET. Haya ndiyo yanayokaribia zaidi kile nilichoeleza kuhusu Marekani: mtoto wa sekondari anayechuma sifa ya chuo akiwa bado shuleni. Tena kidato cha tano nacho kimepanuliwa, kwa kuwa mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa 49 na kufikia 65, hivyo hata anayeendelea na njia ya zamani ana uchaguzi mpana kuliko kaka zake.

Lakini cheti cha pili kitamfaa mtoto iwapo kitampunguzia kitu mbele ya safari. Aliyesoma umeme miaka minne shuleni akienda chuo cha ufundi na kukalishwa mwaka wa kwanza, afundishwe tena jinsi ya kuunganisha swichi, tutakuwa tumemrudishia ileile hasara ya tabibu. Baraza linalompa cheti cha amali ndilo linalosimamia vyuo atakakokwenda, kwa hiyo halina wa kumwomba ruhusa. Litamke mapema ni krediti ngapi za ngazi ya nne zitahesabiwa kwa mhitimu wa kila fani. Bodi za shule na madiwani wa Ngara na Biharamulo waliulize hilo kwa barua, sasa, na si baada ya matokeo. Kundi la kwanza litafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2027, na kitabu cha udahili kitakachowahusu kinatakiwa kiwe tayari mwaka unaofuata.